Kipanga Aliyeshiba

Kemunto hakumtaka Mugambi awe mwanafunzi wake. Alikuwa amewinda kwa vipanga waliofunzwa miaka saba, kila Jumamosi ya baridi aliyopata mapumziko ya unesi, na katika miaka hiyo alijifunza kuwadharau watu wengi: akina mama wa kanisani waliomuuliza kama ndege wake ana jini, na wanaume wa chama cha wawindaji waliochomeka manyoya kofiani na kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini Mugambi alikuwa mume wa mdogo wake, Goretti, na kanuni zilimtaka anayeanza awe chini ya mtu mwenye leseni. Goretti aliomba mara mbili. Mara ya tatu alilia.

Mugambi aliuza bima katika ghorofa ya ishirini na tatu, katikati ya Toronto. Mwezi wa tisa alifika uani kwa Kemunto, Mississauga, amevaa koti la ngozi lenye mifuko kumi na mmoja, na glavu iliyotariziwa jina lake. Kipanga mwenyewe, dume mchanga mwenye macho ya manjano, alimnunua kwa mfugaji. Kabla hajajua kumfunga ukanda mguuni alikuwa ameshampiga picha mia.

Kemunto alimfundisha kama alivyowafundisha manesi wanagenzi asiowapenda, kwa maneno machache na bila kurudia. Kipanga hafugwi kwa mapenzi, alimwambia, hufugwa kwa mzani. Akishiba hana haja na mtu. Akikonda mno anakufa. Mugambi aliitikia kwa kichwa, kisha Kemunto alipogeuka akampa ndege kipande kingine cha kwale, kwa sababu alipenda kumwona akimrukia mkononi. Majani yalipukutika, theluji ya kwanza ikaanguka, na kipanga alikuwa hajakamata hata panya.

Jumamosi moja ya Januari walikwenda kwenye shamba la mahindi lililovunwa, kaskazini ya Vaughan, pale nyumba mpya zinapoishia. Mugambi alikuwa amealika watu sita wa ofisini kwake waje kuona. Kemunto aliutazama mzani nyuma ya gari: ndege alizidi uzito wa kuwindia kwa gramu mia moja na ishirini. Akaona pia kwamba kile kifaa cha redio, kinachomwonyesha mwindaji ndege wake alikokwenda, kimeachwa kwenye kiti. Mugambi alisema kinaharibu picha.

Kemunto alijua la kusema. Aliwatazama wale wageni na vikombe vyao vya kahawa, akalitazama koti, akanyamaza. Acha aaibike, aliwaza.

Aliaibika vizuri. Sungura alichomoka kichakani, kipanga akamtazama kama mtu anayetazama basi lisilokuwa lake. Kisha akapaa, njuga zikilia miguuni, akatua juu ya nguzo ya umeme, akajinyoosha manyoya kwa nusu saa. Mugambi alipiga filimbi na kuinua nyama mpaka mkono ukachoka. Wageni walihisi baridi, wakaanza kuondoka wawili wawili. Ndipo ndege akavuka barabara, akaingia msituni, wasimwone tena siku hiyo.

Njiani kurudi Kemunto alikuwa na furaha iliyodumu kama kilomita kumi. Baada ya hapo alianza kumfikiria ndege. Alikuwa amezaliwa kizimbani, na hajawahi kujilisha hata siku moja.

Alidhani Mugambi angekwenda kununua mwingine. Badala yake Goretti alimpigia simu kusema kwamba mumewe ameomba likizo na kila siku yuko msituni tangu kunapopambazuka. Kemunto alicheka kwa dharau, akasema atachoka. Siku ya nne hajachoka. Siku ya sita Kemunto alitoka zamu ya usiku akaenda moja kwa moja kumsaidia.

Siku ya tisa walisikia kunguru wakipiga kelele juu ya msonobari. Kunguru hawamkemei hivyo ila ndege wa mawindo. Mugambi alikimbia kwenye theluji iliyomfika magotini, akainua glavu yenye nyama. Kipanga alishuka papo hapo, mchafu, kifua kimekonda kikawa kama kisu, akairarua nyama bila kumtazama aliyeishika. Mugambi alikuwa akilia.

"Usijidanganye, shemeji," Kemunto alisema. "Hakupendi. Ni njaa tu."

"Najua." Mugambi hakuondoa macho kwa ndege. "Na wewe siku ile ulijua ni mzito. Nilikuona ukisoma mzani."

Kemunto alitoa kipande kingine cha nyama mfukoni, akampa amlishe.

Ndege alipopata nafuu waliwinda tena, na mwishoni mwa Februari alikamata sungura wake wa kwanza. Mugambi aliharibu hata hilo kwa kupiga kelele kama yuko mpirani. Machi msimu ulifungwa, na kipanga akaachwa ale atakavyo, aote manyoya mapya.

Siku ya Pasaka walikula kwa Goretti. Kati ya ugali na nyama Goretti alianza kumsema mumewe mbele ya jamaa wote, jinsi uzembe wake ulivyotaka kumuua kiumbe wa watu. Mugambi aliinamia sahani na kukiri kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Kemunto alimdharau kwa uungwana huo kuliko alivyowahi kumdharau kwa lile koti. Halafu akaona kwamba yeye mwenyewe anajificha nyuma ya uungwana huo.

"Mimi niliuona mzani," alisema. "Nikanyamaza makusudi. Nilitaka achekwe."

Goretti alimkazia macho dada yake kwa kitambo, kama mtu anayemtazama aliyekohoa juu ya chakula. Kisha akachukua upawa, akamwongezea mumewe mchuzi, na bakuli akalirudisha jikoni bila kulipitisha kwa Kemunto.