Mkono wa Alvise

Loredana alipotea mjini kwao. Hakukubali, bila shaka. Mzaliwa wa Venisi hapotei Venisi, huzunguka tu. Lakini daraja lile la matofali walikuwa wamelivuka mara mbili tayari, na mumewe Battista, mtu wa milima ya Bergamo aliyezoea njia inayopanda au inayoshuka, alikuwa ameanza kuchungulia ramani aliyoificha ndani ya kofia.

"Iweke hiyo," Loredana akamwambia. "Unanitia aibu."

"Aibu gani, mke wangu? Kila mtu hapa ana ramani."

"Kila mgeni. Sisi tunanyoosha tu mbele."

"Tumenyoosha tangu asubuhi. Tumenyoosha mpaka tumerudi tulikotoka!"

Loredana alicheka bila kupenda. Alama yake ya njia ilikuwa duka la mikate la pale pembeni, na siku hizi duka lile linauza vinyago vya pua ndefu. Alisimama akavitazama, baridi ikamwingia moyoni.

Battista naye hakuwa mjinga. Alikwisha kuona kwamba kila walipokaribia Mfereji Mkubwa, mkewe alikumbuka kanisa la kutazama upande wa pili. Huko mferejini, kwenye kivuko cha Santa Sofia, ndiko Alvise, kaka yake Loredana, alikopiga kasia tangu ujana wake. Loredana alipoolewa, kaka mtu alimwambia, "Nenda. Ila ukirudi, utarudi mgeni." Na Alvise akitoa neno, hulitunza. Kwenye maziko ya mama yao alimwekea dada yake bilauri ya wageni na kumwita "bibi" mbele ya watu. Tangu siku ile, kimya. Sasa binamu mmoja alikuwa amepiga simu kusema kwamba kiangazi hiki ndicho cha mwisho, Alvise anaweka kasia chini. Basi Loredana akasema anataka likizo ya kutembea tu, aone mji. Uongo mtupu. Alitaka kaka yake amhesabu tena kuwa wa nyumbani, hakutaka kingine.

Walipumzika kwenye kilabu kidogo cha mvinyo, wakala vipande vya mkate vilivyopakwa samaki. Battista alitafuta kiti kwa macho.

"Hapa watu hula wamesimama," mkewe akamwambia.

"Na kivukoni?"

"Wanasimama pia. Wageni ndio wanaokaa."

"Kumbe! Na kulala je, mnalala mmesimama?"

"Cheka tu. Na mkifika ng'ambo, mgeni hupewa mkono asije akatumbukia. Mwenyeji hapewi. Ukimpa mkono mwenyeji umemtukana."

Battista akafuta midomo. "Haya basi, twende huko kivukoni. Mwisho wa maneno ni vitendo. Umenizungusha vya kutosha."

Foleni ilikuwa fupi. Alvise alikuwa mbele ya gondola, mashua ndefu nyembamba ya kivuko, kichwa cheupe pe, na nyuma kulikuwa na mpiga kasia mwenzake. Zamu ya Loredana ilipofika, kaka yake alimwangalia. Alimjua, halina shaka hilo. Kisha akanyoosha mkono.

"Taratibu, mama. Karibu."

Mama, kama mgeni yeyote! Loredana aliushika mkono ule mgumu kama gome, akaingia, na machozi yakamlengalenga. Heri angemfukuza. Battista alikwisha kukaa ubavuni, ameng'ang'ania mbao kwa mikono miwili. Loredana akasimama katikati.

"Unaweza kukaa, mama," Alvise alisema bila kugeuka. "Mawimbi leo si mchezo."

"Nitasimama."

"Goti lako, we mwanamke!" Battista akanong'ona.

"Liache."

Walipofika kati, basi la majini likapita kwa kishindo na gondola ikayumba. Binti mmoja mtalii akapiga yowe. Loredana hakushika kitu. Baba yao aliwafundisha hivyo wote wawili: legeza magoti, kiachie chombo kifanye kazi yake. Goti lilimuuma kweli kweli, lakini halikumwangusha. Alipoinua macho, alimkuta Alvise akiitazama miguu yake.

"Mguu wa nyuma haujatulia," Alvise akasema.

"Lini ulitulia?"

"Baba alichoka kukusema."

"Na wewe alichoka kukuchapa."

Alvise alirudi kwenye kasia lake. Alipiga mpaka wakafika ng'ambo.

Huko alishika gati kwa mkono mmoja na kuwateremsha watu kwa mwingine. Alimpa mkono Mjerumani mmoja mnene, akampa yule binti, akampa Battista. Ikabaki zamu ya Loredana. Alvise akamgeuzia mgongo, akaanza kufuta ukingo wa gondola kwa kitambaa, taratibu, kana kwamba hakuna mtu aliyebaki nyuma yake.

Loredana alitazama maji, akatazama gati. Chombo kilipoinuka akapiga hatua, akatua.

Battista alikuwa amewiva kwa hasira. "Umeona? Mimi nimepewa mkono, Mjerumani kapewa, wewe dada yake wa tumbo moja anakugeuzia mgongo! Mtu gani huyu? Twende zetu!"

Loredana alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, hata mtu mwenye kikapu cha samaki akasimama kumshangaa.

"Hakunipa mkono, Battista."

"Si ndivyo ninavyosema!"

"Hakunipa mkono," akarudia, akajifuta uso kwa kofia ya mumewe, na ramani ikaanguka chini.

Gondola ilikuwa imeanza kurudi. Alvise akaita bila kugeuka, kwa jina ambalo halikuwa limetajwa tangu mama yao afe.

"Dana! Jioni kuna samaki wa siki na vitunguu. Ngazi za nyumbani unazijua. Huyo mgeni wako umshike mkono, asije akaanguka."