Nguruwe wa Maren

Klabu ya vijana wafugaji kule Iowa, Marekani, ina sheria moja tu: mtoto amtunze nguruwe wake mwenyewe. Imebandikwa mlangoni, na huko mlangoni ndiko inakoishia. Asubuhi ya mashindano ya mifugo kwenye maonyesho ya kaunti, Maren Hoekstra, binti wa miaka kumi na minne, alikuwa amekalia ndoo akila donati, huku baba yake amepiga magoti kwenye maranda akimsugua nguruwe Biskuti masikio.

"Baba, niachie basi hata mkia."

"Thubutu! Umharibu?"

Kila banda lilikuwa na baba yake, magotini. Mara mkaguzi akatokea. Akina baba wakatupa brashi, watoto wakazidaka, na ghafla vijana wakawa wachapakazi. Mkaguzi, ambaye naye alikuwa na mtoto banda la tatu na brashi mfukoni, akapita akitabasamu.

Biskuti akashinda. Maren akapewa fomu ajaze: "Mradi huu umekufundisha nini?" Akafikiri, akaanza kuandika. Baba akachungulia begani kwake.

"Hebu lete hiyo kalamu, mwanangu, utatutia aibu."

Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kupendeza: "Kujitegemea."