Kitanda cha Asiye na Mtu

Dobi alikuwa anakamua shuka la tatu geti lilipofunguliwa na gari jeupe likaingia uani polepole. Alilitambua mara moja. Lilikuja mara moja kwa mwaka, na mwaka huu Sista Mkuu alikuwa amewatangazia wafanyakazi kwamba litakuja Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatano.

Shuka likamponyoka, likarudi ndani ya karai.

Aliyeshuka garini ni mama wa makamo, mwenye miwani na jalada kwapani, aliyetumwa na wafadhili. Si mtu mbaya hata kidogo. Aliwashika wazee mikono, akacheka nao, akakumbuka nani aliumwa goti mwaka jana. Ila kazi yake ilikuwa moja: kupita kitanda kwa kitanda na kumwuliza kila mzee kama ana mtoto au ndugu aliye hai. Wafadhili waliweka sharti hilo tangu nyumba hii ya wazee inajengwa, na masista walilikubali, maana bila wafadhili hata dawa zisingepatikana. Vitanda ni vya wasio na mtu. Mwenye mtu arudi kwa mtu wake, ampishe mwingine anayengoja nafasi.

Na bibi wa kitanda cha kumi na tisa alikuwa na mtu. Mtu mwenyewe ndiye huyu aliyesimama uani, povu limempanda hadi viwikoni.

Tusimhukumu haraka. Alikuwa na chumba kimoja, mke aliyekwisha kuondoka, na kazi hii ya kutoka alfajiri kurudi jioni. Mama yake alipoanza kusahau sahau, akawa anamfungia mlango kwa nje kila asubuhi na kumwachia chai kwenye chupa. Siku moja alirudi akamkuta ameketi sakafuni, kiganja kimeungua kwa jiko, anaomba msamaha kama mtoto aliyevunja sahani. Wiki hiyohiyo Dobi alimleta hapa. Akamwambia Sista Mkuu kwamba huyu ni jirani yake, mjane, hakujaliwa mtoto. Maneno yalimtoka vizuri kuliko alivyotarajia, na hilo lilimtisha zaidi ya uongo wenyewe.

Miaka mitatu sasa alimwita "Bibi" kama walivyomwita wote. Alifua magauni yake yenye namba kumi na tisa iliyoshonwa kwa uzi mwekundu kwenye kola, akayapiga pasi mara mbili, wakati ya wengine yalipigwa mara moja. Anasa nyingine ya kumpa mama yake hakuwa nayo. Na kila mwaka, jioni ya kuamkia ukaguzi, alijidai anakusanya nguo chafu, akamnong'oneza la kusema kesho yake. Mwaka huu jioni hiyo ilikuwa ni ya leo.

Isitoshe, jana tu mambo nusura yaende mrama. Mama yake alimwita "Kitinda", jina alilompa utotoni kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na alimwita hivyo mbele ya Bibi Redio wa kitanda cha ishirini. Huyo walimpa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Aliuliza Kitinda ndiye nani. Dobi akasema wazee huchanganya watu. Bibi Redio alicheka, lakini aliendelea kumtazama mpaka alipotoka mlangoni.

Dobi alikausha mikono, akabeba mashuka safi, akaelekea wodi ya wanawake. Kwenye ukumbi akakutana na Sista Mkuu, ambaye alishangaa, kwa kuwa Jumatano ni zamu ya wanaume. Dobi akamjibu kwamba ameona afadhali mgeni akute vitanda vimetandikwa upya. Sista akamshukuru kwa kufikiria hivyo. Aibu ikamwasha masikio.

Mgeni alikuwa amefika kitanda cha kumi na sita. Dobi akamwinua mama yake, akamketisha kwenye kiti, akaanza kuvua shuka la zamani. Aliinama karibu na sikio lake. Akafungua mdomo, kisha akaona Bibi Redio amegeuka mwili mzima kuwaelekea. Akaufunga.

Kumi na saba. Kumi na nane. Alikunja pembe ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Shikamoo, Bibi," mgeni alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, nauliza lilelile la kila mwaka. Una mtoto? Au ndugu yeyote?"

Mama yake alitazama dirisha. Akatazama jalada. Halafu akamtazama Dobi kwa muda mrefu.

"Sina," alisema. "Mimi sina mtu."

Kalamu ikaandika. Dobi alishusha pumzi. Alifurahi, kweli alifurahi, na furaha hiyo ikamchoma kama sabuni kwenye kidonda.

Ndipo mama yake aliponyoosha mkono, akamshika Dobi mkono wa shati. "Lakini huyu mwandike," alimwambia mgeni.

Mgeni akainua kalamu. "Ni nani wako, Bibi?"

"Ananifulia. Nguo zangu hazina hata kunyanzi moja." Akamgeukia Dobi. "Baba, wewe mama yako yupo?"

Alimwita baba, kama mtu mzima anavyomwita kijana yeyote mwenye adabu. Dobi alimtazama usoni akitafuta ishara, hata ukope kucheza, imwambie kwamba wako pamoja katika jambo hili. Aliona upole tu, ule wa kumwuliza mpita njia habari za kwao. Hakujua kama mama yake anamlinda au amekwisha kumpoteza.

Mgeni alingoja huku akitabasamu. Sista Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Kusema amekufa kulikuwa rahisi, ni neno moja tu, na kitanda kingekuwa salama mwaka mzima. Ulimi ukakataa.

"Yupo," alisema.

"Anakutegemea wewe?" mama yake akauliza.

"Ananitegemea mimi."

"Basi usimwache peke yake." Alimpigapiga mkono taratibu. "Sisi wenzake hatuna wa kutuangalia."

"Sawa, Bibi."

Mgeni akageuza ukurasa, akasogea kitanda cha ishirini. Bibi Redio akajibu alichoulizwa, kwa sauti ndogo, asiongeze neno.

Dobi alimrudisha mama yake kitandani, akamfunika hadi kifuani. Alishukuriwa kwa adabu, kisha mama yake akafumba macho. Shuka lililovuliwa Dobi alilikunja mikononi, akatoka nalo uani. Mashuka yaliyobaki yalikuwa yakimngoja kwenye karai. Alisimama kando yake amelikumbatia lile moja, bado lina joto la mwili wa mama yake, na hakulitia majini mpaka lilipopoa.