Mstari wa Tito

Mektrida alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulikuwa na jina: Tito, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akiishi Mwanza na hakuwa ameonekana kijijini Kilema tangu baba yake azikwe. Mwaka huu aliahidi kurudi Krismasi. Basi mama mtu, aliyeshuka tambarare kila alfajiri kuchuma matango ya kuuza Moshi mjini, akaacha mstari mmoja bila kuugusa.

"Mama Tito, tango siyo ndizi," Sirili, jirani yake kijijini na shambani, alimwonya. "Mkungu unaweza kumwekea mgeni palepale mgombani. Tango ukiliacha, mmea unajiona umemaliza kuzaa."

"Chuma ya kwako, Baba Aikaeli. Haya yana mwenyewe."

Matango yakanenepa, yakageuka manjano, yakajaa mbegu ngumu, na maua mapya yakapukutika. Wenzake walipokuwa wakijaza matenga kwa ajili ya kachumbari za sikukuu, yeye alibaki na mstari mzima wa majani makavu. Wala hakujali. Alimtangaza Tito kijiji kizima, mpaka watu wakachoka kumsikia.

Mkesha wa Krismasi simu ikaita. "Kazi zimenibana, mama, labda Pasaka."

"Sawa, mwanangu," akasema.

Kesho yake, baada ya misa, Sirili alimfuata nje ya kanisa. "Njoo kwetu, tumechinja mbuzi. Au kijana kafika?"

Hapo ndipo angesema ukweli, akaenda kula na watu. Lakini aibu ni kitu kibaya. "Kafika jana. Amelala, safari imemchosha."

Sirili alifurahi kwelikweli, utadhani mtoto ni wake. Jioni akabisha hodi na bakuli la ndizi, na juu yake mbavu nono za mbuzi alizomwekea Tito. Mektrida akalipokea akiwa ameziba mlango kwa mwili wake.

"Mwache apumzike," Sirili akanong'ona. "Kesho asubuhi nitapita aniamkie."

"Karibu sana, Baba Aikaeli."

Akafunga mlango. Akatoa sahani mbili, akapakua kwenye zote, akaketi. Akala kidogo huku, kidogo kule, huku analia, ili asubuhi Sirili akute sahani mbili chafu atakapoambiwa kwamba kijana ameitwa kazini ghafla.