Manyoya ya Mkaa

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na kama kuna kitu alichojua hapa duniani, ni nguo nyeusi. Cheusi, alipenda kuwaambia wateja, hakigeuki chekundu hivi hivi. Ukiona kimechujuka, ujue pana mkono wa mtu na chupa ya dawa. Basi siku paka wake, Mkaa, aliporukia meza ya kukatia vitambaa na kujinyoosha kwenye mwanga wa dirisha, fundi aliweka mkasi chini. Mgongo uliokuwa mweusi ti ulikuwa umeingia wekundu wa kutu. Akampapasa. Manyoya yaliyokuwa yakiteleza yalikuwa makavu, yamesimama ovyo, na mba ukabaki kiganjani.

Mawazo yakaenda moja kwa moja kwa mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Tena alikuwa dobi! Aliingia nyumbani na chupa zake za dawa ya madoa, akazipanga uani. Na alikuwa mnyamavu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nani asiyejua? Tangu siku ya kwanza Mama Pindo alimkataza kugusa sahani ya paka. Jiko likiwa mikononi mwa mgeni, yeye alimpikia Mkaa chumbani kwake, wali laini na maziwa, asije akatiliwa kitu.

Sasa ulinzi ukaanza. Mkamwana akianika nguo, mama mkwe yuko dirishani. Mkamwana akiinama karibu na paka, mama mkwe anakohoa. Alinusa chupa moja moja, kisha akachukua chaki yake ya kushonea akaweka alama dawa ilipofikia. Kesho yake dawa ilikuwa imeshuka chini ya alama. Loo, ushahidi huo! Haikumpitikia kwamba dobi hufulia dawa yake. Dhana ikishaingia, akili hutoka nje ikapunga upepo.

Jioni akamwita mwanawe na kumwambia mbele ya mkewe, "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi na huyu hatukai tena chini ya paa moja. Chagua."

Kijana wa watu alihangaika. Mwisho akasema Mkaa apelekwe kwa daktari wa mifugo, na daktari akikuta dawa kwenye manyoya, mkewe atarudi kwao. Alisema hivyo huku akitazama sakafu. Mkewe aliendelea kupiga pasi mpaka kola ikanyooka, ndipo akasema kikapu cha paka atakibeba yeye, maana anataka kusikia kwa masikio yake.

Daktari hakuwa na haraka. Aliyapanua manyoya kwa vidole akatazama ngozi, akanusa, akafunua midomo akaangalia ufizi. Akasema hapajaungua mahali, wala hapanuki dawa yoyote. Mama Pindo akamwambia atazame tena. Akatazama tena. Kisha akauliza kama paka hushinda juani, akaambiwa hapana, hushinda chini ya cherehani. Akauliza anakula nini.

Hapo Mama Pindo akajikweza. "Huyu halishwi na mtu ila mimi. Wali na maziwa, safi kabisa. Samaki na nyama za jikoni nilimwachisha tangu huyu binti aingie. Siujui mkono wake."

Daktari alimpapasa Mkaa mgongoni taratibu.

"Nguo hutiwa rangi kwa nje, mama," akasema. "Paka weusi wake unatoka tumboni, kwenye samaki na nyama. Akivikosa, manyoya ndiyo husema kwanza. Mrudishie chakula chake, yatakayoota yataota meusi."

Mama Pindo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alimtazama mwanawe, naye akatazama pembeni. Mkaa alilia kikapuni njia nzima.

Walipofika, Mama Pindo aliingia jikoni mwenyewe, akachambua samaki, akaondoa miiba yote, akaiweka sahani mikononi mwa mkamwana.

"Nimekukosea, mwanangu," akasema. "Mpe wewe."

Mkamwana aliishika ile sahani bila kuinama.

"Nitampa, mama. Lakini simama hapo uone. Asije akaumwa kesho."

Mama Pindo akajifuta mikono ya samaki. Akasimama. Sahani ikawekwa chini, Mkaa akala mpaka akailamba.

Weusi ulirudi, polepole, kuanzia shingoni. Mkia ulipomalizia, wateja wakamsifu paka kwa kung'aa. Na hadi leo mkamwana, kila akishika ile sahani, huita kwanza, kwa adabu zote: "Mama, njoo uone." Naye huacha cherehani, akaenda kusimama.