Jogoo wa Faranga Kumi

Usiku wa jana niliota nimechoka. Nimeketi katika darasa la jioni la watu wazima, na madawati mengine yote yamekaliwa na sarafu zangu za dhahabu za Kifaransa, zile ndogo za karne ya kumi na tisa, zisizozidi kifungo cha koti. Nimezikusanya moja moja kwa miaka mingi.

Mwalimu ni jogoo wa faranga kumi. Ametoka kwenye sarafu yake na kuacha upande mmoja mtupu.

"Bi Salha, sarafu hushikwaje?"

"Kwa ukingo, mwalimu. Usoni haiguswi."

"Vyema." Akanisalimu kwa kunibana mbavu kwa ncha za mbawa, kama ashikaye sarafu ukingoni. Darasa zima likasalimiana hivyo.

Ikaadhiniwa magharibi. Nikanyanyuka kutawadha. Sarafu zimekaa tu.

"Sisi hatuoshwi," alisema mfalme wa faranga tano, akinitazama kwa jicho moja kwa kuwa hakuchorwa la pili. "Tukisuguliwa sura zinafutika. Tunatayamamu."

Niliona ana hoja. Tukasali.

Nilipotoa salamu, darasa limekuwa duka la sonara. Sonara anapuliza moto, na mdogo wangu Mwanahawa amesimama kando yake. Hili halikuwa la ndoto tu. Kweli Mwanahawa angekuja asubuhi kuzichukua sarafu zote, zikachomelewe vipete, ziwe mkufu wa arusi ya binti yake Shemsa. Nilikubali kwa kuchoka kubishana. Na sarafu ikishachomelewa, kwa sisi wakusanyaji imekufa.

"Dada, dhahabu mahali pake shingoni," anasema Mwanahawa. "Humo kabatini inamwozesha nani?"

"Nimechoka, mdogo wangu."

"Nani wa kwanza?" anauliza sonara.

"Mimi," anasema mfalme. "Nilichorwa kichwa kitupu, bila taji. Aibu nimeshaizoea."

Jogoo akanigeukia. "Bi Salha, darasani wewe ndiye hodari wa kunyoosha mkono. Leo je?"

Ulimi wangu ni mzito kama gunia la chumvi lililolowa. Nikaomba: Ya Rabi, nipe neno moja tu, sina nguvu ya mawili.

Nikapewa.

"Sitoi."

Jogoo akawika. Moto ukazimika. Sonara akafunga duka akinung'unika kwamba watu siku hizi hawana kauli.

Niliamka kwa adhana ya alfajiri, uchovu ukiwa uleule. Nikasali. Kabla sijakunja msala, simu ikalia.

"Haya dada, nimekusikia," alisema Mwanahawa. "Shemsa atavaa mkufu wangu mimi. Lakini si ungengoja kuche? Unaniamsha, unasema neno moja, unakata!"

"Nimekupigia mimi?"

"Kwani nani? Na hebu niambie, tangu lini unafuga jogoo huko ghorofa ya nne?"