Maziwa ya Kubariki Gari

Kwa maneno, Dalmas Nalianya hakuwa na mpinzani Noonkopir nzima. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na aliapa kuunda gari la mbio la mtindo wa kizamani, refu, lenye kiti kimoja na magurudumu membamba. Injini ilikuwa ya ndege ndogo iliyoanguka zamani. Ililala miaka mingi nyuma ya boma la kina Saruni, rafiki yake, kule Kisaju, kuku wakitagia ndani yake.

Saruni alimpa injini hiyo bure, kisha akawa anakuja gereji kumsaidia. Walipoiwasha wakaona inazunguka kinyume na injini za gari. Bila kugeuza difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, gia za mbele zingelirudisha gari nyuma. Dalmas akasema hiyo kazi aachiwe yeye. Saruni alimuuliza zaidi ya mara moja kama amegeuza, naye akajibu imeisha. Wapi! Alikuwa anapiga rangi, tena nyekundu, apate kupigwa picha.

Hawakulijaribu. Mama yake Saruni alisema kitu kama hicho kisisogee kabla hajakinyunyizia maziwa, kwa hiyo likapelekwa Kisaju juu ya lori. Watu wa rika la Saruni walikuja wote. Mama akanyunyiza kwa majani mabichi, akaomba, akakiweka kibuyu chake cha maziwa chini nyuma ya gari. Ni kibuyu alichokuja nacho alipoolewa. Dalmas akatia gia ya kwanza.

Gari likaruka nyuma, likakiponda kibuyu na kujitia kwenye ua wa miiba.

Watu wakacheka. Dalmas hakuwa amewahi kuchekwa namna hiyo, na kabla hajafikiri alishasema:

"Difu ilifungwa na Saruni."

Saruni alimtazama kidogo tu. "Pole, yeyo," akamwambia mama yake. "Ni mimi."

Mama akamfokea mbele ya rika lake, naye akainamisha kichwa kama mtoto.

Dalmas aliigeuza difu peke yake, redio imezimwa. Saruni alipokuja kumwambia kwamba mama anataka kulibariki gari tena, Dalmas akasema leo atamweleza mama ukweli.

"Wacha," Saruni akasema. "Mimi ni mtoto wake, alishanisamehe. Akijua ni wewe, sijui kama atakubali kuibariki. Na hii gari niko na hamu nayo sana."

Basi wakarudi Kisaju. Safari hii mama alishika kikombe cha plastiki. Alimwamuru mwanawe asimame mbali na gari asije akaharibu tena, kisha akamshika Dalmas mkono.

"Huyu wangu ni mzembe," akasema. "Lakini wewe umemvumilia. Mungu akubariki."

Akamnyunyizia maziwa kichwani. Yalimtiririka mpaka shingoni, na Dalmas, mwenye maneno yote yale, akasema asante.